Mchanga wa Mkubwa

Nilichukua kazi ya vigae kwenye nyumba ya Mkubwa kwa sababu moja tu: ukisimama barazani kwake unauona uwanja wa kambi, na kwenye kambi ile mwanangu alikuwa anafundishwa uaskari. Mkandarasi alidhani nimevutiwa na ukubwa wa kazi. Nikamwacha adhani hivyo, maana mkandarasi akijua una shida yako binafsi anakugeuza kitoweo. Mzazi haruhusiwi kuingia kambini mpaka siku ya kiapo, na siku ya kiapo ilikuwa bado mbali. Nilitaka nimwone hata kisogo tu.

Mwanangu simwiti jina. Amebeba jina la marehemu baba yangu, na kulitaja kavukavu jina la mzazi wako ukimgombeza mtoto ni kukosa adabu, kwa hiyo tangu nikimbeba mgongoni namwita Baba. Baba njoo ule. Baba umevunja nini tena. Alikuwa mbishi mpaka raha. Ukimwambia kaa, anakuuliza kwa nini asisimame. Ukimwambia aoshe vyombo, anaviosha huku akitoa hoja kama wakili kwamba zamu ilikuwa yangu. Kaka yangu, yaani mjomba wake, alikuwa hamvumilii. Ndiye aliyesema jeshi litamnyoosha, akamtafutia nafasi, na siku ya kumpeleka akavaa suti kana kwamba tunakwenda kuposa.

Nyumba ya Mkubwa ilikuwa juu ya kilima, nyuma ya uzio wa kambi, ya ghorofa, yenye vyoo vingi kuliko watu watakaoishi humo. Mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi. Sote tulimwita Mkubwa, hata akiwa hayupo, na tukimtaja tulishusha sauti. Njia ya kupanda huko ilikuwa mbovu, lori haliwezi. Vigae na saruji vililetwa kidogo kidogo kwa pikapu chakavu. Mchanga ulipanda kwa miguu.

Kila asubuhi tulisikia mchakamchaka unakuja, nyimbo na buti pamoja, kisha vijana wanatokeza kwenye kona, safu mbili, kila mmoja na mfuko mgongoni. Wakifika uani wanasimama. Sajini anapuliza filimbi, mifuko inageuzwa, mchanga unamwagika, mifuko mitupu inakunjwa, na wanashuka wakiimba. Siku ya kwanza mimi na saidia fundi wangu tuliwapigia makofi. Tulidhani ni maonyesho.

Saidia wangu ni binti mmoja ambaye nilimpa jina la Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui Jumapili. Yeye ndiye aliyeanza kuhoji. Alikuwa anachekecha mchanga, akasimama na chekeche mkononi, akamwuliza mkandarasi mchanga mzuri hivi Mkubwa ameununua wapi. Mkandarasi akacheka. Akatueleza kwamba Mkubwa hanunui mchanga, ule unatoka mtoni chini ya kambi. Makuruta lazima wakimbie na mzigo, ndivyo mafunzo yalivyo. Sasa badala ya kubeba mawe na kuyarudisha yalikotoka, wanabeba kitu chenye faida. Matofali nayo yalipanda hivyohivyo, kwa migongo ya kundi lililotangulia. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayesifu ubunifu.

Niliangalia ukuta wa sebule ile kwa macho mengine. Halafu nikapiga magoti nikaendelea kutandika vigae, kwa sababu bado nilikuwa sijamwona mwanangu.

Sajini tulimwita Pasi, kwa jinsi mikunjo ya suruali yake ilivyonyooka. Hakuwahi kubeba hata kijiko. Alikuwa mwembamba, msafi, na sauti yake ilikuwa fupi, inatoka tumboni, na mwisho wa neno anaikata kama mtu anayekata kigae. Chiriku alijifunza kumwigiza tangu wiki ya kwanza, na ndiyo ikawa burudani yetu mchana. Saidia, mguu sawa. Lete ndoo. Nyuma geuka. Mimi nilipojaribu, ilitoka kama mama anayefukuza kuku, na Chiriku akanicheka hadi akakaa chini.

"Usipige kelele, fundi," alinifundisha. "Pasi hapigi kelele. Anasema kana kwamba umeshafanya."

Siku niliyomwona mwanangu nilikuwa barazani nakata vigae vya ukingo. Safu ilipita mbele yangu na vichwa vyote vilikuwa vimenyolewa, vyote vya rangi moja ya vumbi, na kwa muda nilishindwa kujua yupi ni wangu. Mama mzima nasimama nahesabu masikio ya watoto wa watu. Kisha nikayaona yale yake, yaliyokaa wazi kama vipini vya sufuria, na akili ikaniruka.

"Baba," nikaita. "Baba yangu, umekonda."

Kuna mmoja alicheka puani. Pasi hakucheka. Alipuliza filimbi, akamtoa mwanangu kwenye safu, akamwuliza kwa upole kabisa kama ni kweli yeye ni baba wa yule mama. Mwanangu akasema hapana, afande. Akamwuliza kama basi yule ni mama yake. Hapo mwanangu akakawia kidogo. Pasi akawageukia wenzake, akawaambia kwamba kuruta mwenzao ametembelewa na familia, na kwa kuwa wao hawajatembelewa, itabidi washerehekee kwa niaba yake. Wakarushwa kichura uani kote, mifuko ikiwa bado mgongoni, huku mwanangu amesimamishwa pembeni kuwaangalia. Walikuwa wanaruka na kumtazama. Kila aliyeanguka alimtazama zaidi.

Walipomaliza Pasi alinijia. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

"Mama, nisaidie tusikosane," akasema. "Kuruta hana mama. Akila kiapo utarudishiwa."

Toka siku hiyo wenzake wakamwita Baba. Nilisikia wakilitumia wakati wa kupanda: Baba unatuchelewesha, Baba leo utatulisha nini. Jina nililomfunga nalo mgongoni wakalifanya teke. Na yeye akipita mbele yangu alitazama mbele kana kwamba mimi ni mfuko wa saruji.

Basi nikanyamaza. Nikajikaza kisabuni, nikawa namwangalia kwa pembeni na kujituliza kwamba mradi yuko hai na anatembea. Mpaka siku ile ya matope.

Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha na ua wote ulikuwa uji. Pasi, ambaye hapendi buti lake lichafuke, akaamua mchanga ule umwagwe kwenye chumba cha nyuma, na njia ya kwenda chumba cha nyuma ni sebuleni. Sakafu ile nilikuwa nimeimaliza jana yake. Nimewahi kumfukuza mwenye nyumba ndani ya nyumba yake kwa kukanyaga sakafu mbichi, kwa hiyo niliinuka na mwiko mkononi nikasema nilichosema. Pasi akaniambia vigae vikilegea nitavitandika tena. Wakapita, safu nzima, kwenye vigae vyangu vyeupe.

Walipoondoka nilichukua tambara na ndoo, nafuta huku nalaani. Matope yalitoka. Lakini kulikuwa na alama moja inayojirudia, upande wa kulia wa njia, kila baada ya hatua: doa dogo la manjano lenye ukingo wa damu. Nikalifuta, nikanusa lile tambara. Mimi nimemuuguza baba yangu kidonda cha mguu mpaka anazikwa, harufu ile siwezi kuisahau. Chiriku aliniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia kuna mtoto anaoza mguu ndani ya buti.

Kesho yake nilijua ni nani. Nilijua kabla, ila kesho yake niliona. Alikuwa wa mwisho, na mguu wa kulia aliuweka chini kama anayekanyaga kaa la moto, halafu anajirekebisha haraka Pasi akigeuka. Walipewa nafasi ya kunywa maji kwenye pipa. Nikaenda na ndoo yangu kama ninayechota, nikamwambia chinichini, bila kumtazama, avue buti nione.

Aliendelea kunywa. Kijana mwingine, mfupi, ndiye aliyeninong'oneza. Buti ni dogo. Walipogawiwa, mwanangu alimwambia mtunza ghala kwamba halimtoshi, na mtunza ghala akamjibu kwamba jeshini hakuna buti dogo, kuna mguu mkubwa, basi aupunguze. Na anayekwenda zahanati ya kambi akalazwa, anafutwa kwenye kundi na kuanza upya na wajao. Miezi yote ile, kichura chote kile, tangu mwanzo.

"Baba," nikamwambia, "ukianza upya si ndiyo utakuwa hai wa kuanza?"

Ndipo akanitazama. Macho yalikuwa mekundu, ya homa. "Raia, nenda zako," akasema. "Unatuponza."

Yule mtoto aliyekuwa akiniuliza kwa nini asisimame nikimwambia kaa.

Nilikwenda kwa Pasi. Nikamkabili uani, nikamwita afande, nikamwambia huyu ana kidonda kimeoza, mpelekeni hospitali leo. Pasi alinisikiliza vizuri, kisha akamwita mwanangu mbele ya wote, akamwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, afande. Akamwuliza mguu una nini. Akasema hauna kitu, afande. Pasi akamwambia aruke kichura, na akaruka, mama yake namwangalia, na kila alipotua meno yalikuwa yanaonekana.

"Umesikia mwenyewe," Pasi akaniambia. "Mimi nimwamini nani, yeye au wewe?"

Siku mbili zilizofuata sikulala vizuri wala kutandika vizuri. Nilimpigia kaka yangu simu. Akaniambia niache udhaifu wa kina mama, kwamba kijana anatengenezwa, nikimtoa sasa nitamwaibisha yeye mjomba mtu aliyemwombea nafasi. Nikamwambia aje basi aunuse ule mguu, yeye na suti yake. Akakata simu.

Kisha Mkubwa mwenyewe akaja kukagua. Alikuwa mtu mnene, mwenye manukato na adabu nyingi. Nikampa shikamoo yake. Alitembea juu ya vigae akigonga kwa kisigino kusikiliza kama kuna penye uwazi, akanisifu, akasema mkono wangu ni wa dhahabu. Nikaona hapo ndipo pa kusema. Nikamweleza yote, mguu, buti, homa, nikamwambia ni mwanangu wa pekee. Alitikisa kichwa kwa huruma. Aliniambia kwamba kila kuruta ni mwanawe, kwa hiyo hawezi kumpendelea mmoja akaonea wengine. Alisema maumivu ndiyo mafunzo yenyewe. Mtu asiyezoea kuumia akiwa kijana atakimbia siku ya vita.

"Vita gani, Mkubwa?" nikamwuliza. "Hapa wanabeba mchanga."

"Ni mazoezi, mama," akasema. "Mchanga ni mzigo tu."

Kisha akauliza kama bafu la mkewe linaweza kuwekewa mstari wa bluu. Mkandarasi alinivuta pembeni baadaye, jasho linamtoka, akaniambia nikifungua mdomo tena mbele ya Mkubwa nimemwaga unga, mimi na saidia wangu. Nilimchukia Mkubwa siku ile kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Ningekuwa na uwezo ningebomoa sakafu yote kigae kimoja kimoja, nimrudishie mchanga wake mtoni.

Asubuhi iliyofuata pikapu ilikuwa imekuja na vigae vya bafu, dereva anateremsha makasha. Mchakamchaka ukasikika, lakini umepungua, unakatikakatika. Walipotokeza kwenye kona niliona kwa nini. Mwanangu alikuwa katikati ya wawili, wamemshika kwapani, na bado mfuko uko mgongoni. Midomo imekauka, myeupe. Wimbo wanauimba, naye anaufungua mdomo kwa zamu yake bila sauti. Walimfikisha uani wakamwachia asimame, na akasimama, sijui kwa nguvu ya nani.

Simu ya Pasi ikalia. Kilima kile mtandao haushiki ila kwenye kona ya chini, karibu na mfereji. Akatazama nani anapiga, akaiweka vizuri kofia kana kwamba anaonekana, akawaambia makuruta wasisogee, akashuka mbio. Alikuwa Mkubwa, bila shaka.

Niliacha mwiko. Nikamwendea mwanangu, nikamshika mkono, ulikuwa unachoma. Nikambembeleza. Nikamwambia Baba, gari lile pale, twende hospitali, ni mara moja tu. Hakusogea. Nikamvuta, na mwili wake ulikuwa mgumu kama ubao. Nikamwambia utakufa. Alikuwa anatazama mbele, juu ya kichwa changu, kuelekea kwenye ukuta wa nyumba.

"Sijapewa amri," akasema.

Hakuwa anajifanya. Hilo ndilo ningependa watu walielewe, hasa kaka yangu. Hakuwa mkaidi. Alikuwa ananiambia ukweli, kama vile mtu anavyokwambia mlango umefungwa na ufunguo hana. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Nikamwita kwa majina yote ya utotoni. Yule mfupi aliyekuwa kando yake naye alikuwa anatokwa machozi, lakini mikono yake ilibaki imenyooka kwenye mapaja, na hakuyafuta.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Sijui kama alisema kitu au alinitazama tu. Najua kwamba nilirudi nyuma hatua moja, nikafuta uso kwa kiwiko, nikavuta pumzi mpaka tumboni, na sikupiga kelele.

"Kikosi," nikasema. "Mguu sawa."

Buti zilipiga chini kwa mara moja. Zote. Safu nzima ya vijana wanaoweza kunibeba mimi na ndoo zangu ilinyooka kwa ajili ya mwanamke mwenye saruji kwenye nywele. Mimi mwenyewe nilishtuka. Lakini nilikumbuka nilivyofundishwa, nikasema kana kwamba wameshafanya.

"Wewe wa mwisho. Mzigo chini. Kulia geuka. Kwenye gari, mbele tembea."

Mfuko ukaanguka. Akageuka, kulia, sawasawa, akatembea. Alitembea bila kuchechemea, Mungu wangu, alitembea kama yuko kwenye paredi. Alipofika kwenye pikapu akasimama kusubiri. Nikamwambia panda.

"Ndiyo, afande."

Dereva, mtu mwoga ambaye hata kuku wa jirani hamfukuzi, alikuwa ameanza kusema hataki kesi. Nikamgeukia na sauti ileile nikamwambia awashe. Akawasha. Nikapanda nyuma na mwanangu, kati ya makasha ya vigae vya bluu. Gari lilipoanza kuteremka ndipo Chiriku alipokimbia kando akaniuliza, "Na hawa, fundi?"

Nikawatazama. Walikuwa bado wamesimama mguu sawa, mifuko mgongoni, hakuna anayejikuna. Kama ningesema wote mzigo chini, wangeuteremsha. Kama ningesema wote nyumbani kwenu, sijui, labda wangekwenda. Yule mfupi alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yanasubiri. Gari lilikuwa dogo na lilikuwa linakwenda. Sikusema kitu. Kwenye kona tulipishana na Pasi, simu sikioni, anasema ndiyo Mkubwa, ndiyo Mkubwa, na hakutuona mpaka tumepita.

Hospitalini buti lilikatwa kwa mkasi. Daktari alikuwa dada mmoja kijana, na lilipofunguka aligeuza uso kwanza ndipo akaanza kazi. Ndani mlikuwa na mchanga, ule laini wa mtoni, umeshikana na kidonda. Vidole viwili vilikuwa vya kukatwa, hakuna mjadala. Mguu ulibaki. Daktari aliniambia kwamba kama tungesubiri kidogo zaidi, asingekuwa anazungumzia vidole.

Pasi alifika siku ya pili, suruali imenyooka vilevile. Alipoingia wodini mwanangu alijaribu kushuka kitandani asimame mguu sawa, na mguu wenyewe umefungwa kama mtoto mchanga. Nikamlaza kwa nguvu. Pasi akasema kuruta huyu ni mtoro, na adhabu ya mtoro ninaijua. Nikamwambia vizuri sana, aripoti. Aripoti alitoroka kutoka wapi. Aseme ni kwenye uwanja gani wa kambi, akifanya zoezi gani, kwenye sebule ya nani. Mkandarasi alikuwa ameshanifukuza kwa simu, sikuwa na cha kupoteza, na nadhani lilionekana usoni. Pasi alinyoosha mkunjo wa suruali yake. Kisha akasema kambi itahesabu kwamba kijana alishindwa mafunzo. Akaomba sare. Nikampa, na buti pia, lile zima na lile lililokatwa. Akaondoka nayo kwenye mfuko wa plastiki. Asubuhi ile, Chiriku aliniambia baadaye, mchanga ulipanda kama kawaida.

Nilidhani kazi imekwisha. Nilimrudia mwanangu nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia, Baba, wamekwenda, hakuna afande tena. Alinisikia. Lakini uji ulikuwa mezani umepoa, hajaugusa, na nilipomwuliza kama hana njaa alinitazama tu. Daktari akaja kubadili bandeji. Ilikuwa imegandamana, na alipoibandua jasho lilimjaa mwanangu usoni, mikono imeshika shuka, na hakutoa hata mguno. Daktari akamwuliza kama inauma. Kimya. Nikamwambia taratibu, Baba, mwambie daktari. Kimya. Alikuwa anauangalia mdomo wangu, anasubiri kitu, na nilijua anasubiri nini.

Nilikataa. Nilikaa pale nikakataa kwa muda nilioweza. Kisha bandeji ya pili ikaanza kubanduliwa.

"Kuruta," nikasema. "Jibu swali."

"Inauma, afande."

Daktari akanitazama vibaya, na alikuwa na haki. Sikumwangalia. Nilimshika mwanangu kichwa, kile kichwa chenye masikio ya vipini vya sufuria, nikamwambia ana ruhusa ya kulia.

Akafikiri.

"Mpaka saa ngapi, afande?"